Kalenda Yamfungulia Fundi Mlango, Rufaa Yabaki Bila Jibu

Saa moja na robo asubuhi, cherehani nyeusi imelazwa ubavu mezani kama mgonjwa anayesubiri kupimwa. Fundi anaingiza bisibisi chini ya tumbo lake, anakaza nusu mzunguko, kisha anazungusha gurudumu kwa kiganja na kusikiliza.

"Haijafa," anamwambia mshonaji aliyeileta. "Imenyimwa mafuta tu."

"Mbona niliitia? Yale ya kupikia."

"Basi bora ungeinyima kabisa, dada yangu."

Wateja humwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, kwa ufupi wake na kwa kutotulia. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, na hii ni wiki ya tatu tangu afungue tena karakana kwenye chumba cha mbele cha nyumba anayopanga. Kwa miezi kumi na minne mlango huu ulikuwa umefungwa. Aliyeiomba mahakama iufunge ni mjomba wake, kaka wa mama yake.

Kazi alifundishwa na mjomba huyohuyo, kwenye karakana iliyo mitaa miwili kutoka hapa. Alikaa naye miaka tisa. Siku ya kuajiriwa alitia sahihi karatasi kwamba akiondoka, asifungue kazi kama hiyo ndani ya kilomita mbili kwa mwaka mzima.

"Nilisoma mstari wa juu na wa chini," anasema. "Nani anasoma katikati ya karatasi ya mjomba wake?"

Alipoondoka na kufungua yake, wiki ya pili tu akaletewa amri ya zuio la miezi kumi na miwili. Akakata rufaa mwenyewe, bila wakili, akidai karatasi ile inamnyima riziki.

Kisha akasubiri. Mara ya kwanza jaji alikuwa likizoni. Mara ya pili faili halikuonekana. Mara ya tatu wakili wa mjomba aliumwa jino.

Huku nyuma alipanga kona ndani ya stoo ya mbao, ng'ambo ya daraja. Ili azidi kilomita mbili kutoka kwa mjomba, umbali aliupima na rafiki yake kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu la baiskeli. "Tulipoteza hesabu kwenye kona, tukarudi mwanzo." Wateja walilazimika kubeba vichwa vya cherehani, vimefungwa kwenye shuka, hadi huko. Wengi walichoka. Kutoka cherehani kumi na moja kwa wiki, akabaki na tatu.

Rufaa ilipoitwa hatimaye, haikuchukua hata muda wa kutunga uzi. Majaji walisema zuio lilikwisha lenyewe miezi miwili iliyopita, kwa hiyo hapakuwa na kilichobaki cha kuamua.

Bobini hakujua. Aliamini kwamba rufaa ikiwa hai, na amri iko hai. Mjomba naye aliamini hivyo. Kila Jumatatu alipita kukagua kama mlango bado umefungwa.

"Jaji akaniuliza, 'Sasa mbona hujafungua?' Nikamwambia, 'Mheshimiwa, nilikuwa nakusubiri.'"

Anacheka mpaka anaweka bisibisi chini. Siku ile, anasema, alikaa kwenye ngazi za mahakama akavuta pumzi iliyofika hadi vidole vya miguu. Jioni hiyo hiyo akaleta meza yake kutoka ng'ambo.

Hakutaka kusikia kwamba alikuwa na haki? "Nilitaka sana. Hata gauni la siku ya hukumu nilishona. Lakini nilihitaji mlango kuliko hukumu."

Wiki hii amepokea cherehani tisa. Anapanga kufundisha wasichana wawili, na karatasi yao, anasema, haitakuwa na katikati.

Imebaki familia. Mjomba ametuma ujumbe: aje aombe radhi, yaishe. Mama yake Bobini, anayepanga sindano kwenye mkebe pembeni, anaona ni jambo dogo.

"Maneno mawili tu, mwanangu. Kwani yanachubua ulimi?"

"Mama, yeye ndiye aliyenipeleka mahakamani."

"Ni mjomba wako. Ndiye aliyekushikisha bisibisi."

"Ndiyo, na nilimshukuru miaka tisa. Akiniita kula, nitakwenda. Cherehani yake ikimshinda, ailete, nitaitengeneza bure."

"Na radhi?"

Bobini anaisimamisha cherehani nyeusi, anapitisha kitambaa chini ya sindano na kukanyaga. Mshono unatoka umenyooka.

"Siombi."