Watalii Wangu wa Gisimenti

Aibu hii ni yangu, siikatai, ila leo naisema na jina la mwenzangu ndani yake, maana Gaspard anatembea kichwa juu kama hakuwepo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja, mimi mhudumu katika nyumba yake ya wageni pale Gisimenti, Kigali, vita ya kaskazini imefunga njia ya kwenda kuona sokwe, vyumba tisa vimebaki na mende tu. Ikaja barua: afisa wa utalii kutoka visiwa vya mbali anakuja kujifunza jinsi ya kujaza vyumba (kwao fukwe ni nzuri, lakini umeme wa kubahatisha na ndege moja kwa wiki).

"Akikuta patupu, nafunga," Gaspard akaniambia, "na wewe urudi kulima."

"Patron, niachie mimi," nikajibu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikaita majirani sita, nikawavika kofia na miwani, mukecuru Verediana, bibi wa nyumba ya pili, nikamning'inizia shingoni kamera isiyo na filamu, nikawaambia nyinyi ni watalii wa Bujumbura, kazi yenu kula tu. Nikasahau kitu ambacho kwetu hata mtoto anakijua: mtu mzima hali mbele ya mtu asiyemjua. Afisa akaingia, mayai yakapoa mezani. Mmoja akageukia ukuta, akatafuna nyuma ya kofia.

Afisa akawatazama, akawatazama tena. "Ndugu yangu, wageni wako wanaumwa?"

"Wamefunga," nikajibu.

"Wote?"

"Ni watu wa kanisa."

Akamsogelea Verediana, akamuuliza kwa adabu ameona nini Kigali.

"Mwanangu, mimi iko hapa toka kuzaliwa, sijaona kitu."

Nikatamani sakafu inimeze. Afisa akacheka mpaka akafuta macho. "Kwetu, waziri alipokuja, nilipanga wajomba zangu ufukweni. Tofauti ni kwamba wajomba walikula. Nani alibuni hii?"

Gaspard akatoka nyuma ya pazia. "Mimi."

Nikanyamaza, mjinga mimi, nikidhani ananiokoa. Mwezi uliofuata afisa akamwita kwao kwa ajili ya wazo lile, Gaspard akafunga nyumba, akapanda ndege kwenda visiwani kufundisha utalii, na mimi nikashika jembe. Mwaka wa tisini na nne ulimkuta huko ufukweni. Sisi ulitukuta hapa, na wa meza ile nimebaki peke yangu.

Basi nimeapa: nikipata wazo tena, naanza kwa kutaja jina langu kwa sauti, hata kama wazo lenyewe ni la kipumbavu.