Nyegere wa Mradi 417

Severin Materu alikuwa injinia wa barabara ambaye kwa miaka tisa hakuikanyaga hata barabara moja aliyoifanyia kazi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya saba ya jengo moja la Croydon, kwenye kampuni ya washauri, na dirishani kwake aliona tramu zikipita chini kama alivyoziona jana na juzi. Barabara alizijua kwa karatasi. Angeweza kukutajia unene wa lami hadi milimita, lakini ukimuuliza kando yake kuna mti gani, angeomba muda akatafute kiambatisho.

Mwezi Novemba mwaka 2008 aliitwa na mkuu wa kitengo chake. Huyu alikuwa Lila, mwanamama mzaliwa wa Leicester, ambaye wazazi wake walitoka Nairobi na ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa maneno manne, matatu yakiwa ya chakula. Siku zile kila mwenye barabara alitaka cheti cha kuonyesha kwamba barabara yake ni endelevu, yaani haikuuonea mto, mti, jirani wala vizazi vijavyo. Vyeti vikawa vingi, na kila kimoja na fomu zake. Mwenye barabara moja ya mchepuko, kusini mwa Croydon, alitaka ashauriwe achague mfumo upi. Kazi ya Severin ilikuwa kuipima barabara ile ile kwa mifumo mitatu, kuilinganisha, kisha kupendekeza mmoja.

"Mwisho wa Januari," Lila alimwambia. "Na ziwe kurasa ishirini, Severin. Siyo mia mbili."

Barabara yenyewe iliitwa Mradi 417. Ilikuwa imeshaanza kutumika tangu mwaka uliotangulia, na sifa yake kubwa ilikuwa handaki la wanyama. Chini ya lami lilipita bomba pana ili mnyama mmoja wa kule, ndugu yake nyegere wetu ila mwenye mistari usoni, avuke bila kugongwa. Waingereza wana jina lao kwa mnyama huyo. Severin alimwita nyegere, na sisi hatuna sababu ya kubishana naye.

Mifumo nayo aliipa majina yake, maana majina yake halisi yalikuwa herufi tupu. Wa kwanza, wa hapo hapo Uingereza, aliuita Mwalimu, kwa kuwa ulitoa alama kwa mia na kukata pale mwandiko ulipochafuka. Wa pili, wa Marekani, aliuita Mfanyabiashara. Ulitoa medali, na usipoipata ya dhahabu ulikueleza kwa upole unachoweza kuongeza. Wa tatu ulitungwa na kamati ya nchi kadhaa za Ulaya, na huo aliuita Padri. Padri hakutoa alama. Alitaka uungame yote, ulete ushahidi, kisha utimize ulichoahidi ndipo upewe cheti.

Mwalimu aliipa barabara themanini na moja. Mfanyabiashara aliipa medali ya shaba. Padri alisema bado anasubiri. Jambo pekee walilokubaliana wote watatu lilikuwa handaki la nyegere, ambalo walilisifu kwa maneno yanayokaribiana sana. Severin alikaa na matokeo hayo wiki nne. Barabara moja, lami moja, majibu matatu. Mtu unaanza kujiuliza kama wote wanaongelea barabara hiyo hiyo.

Sasa, Severin alikuwa akiishi Kilburn, kwenye fleti ya kupanga juu ya duka la mazulia, na chini yake aliishi Euphrasie Nabintu, mama wa Kikongo aliyekuja kama mkimbizi kutoka Bukavu, mlezi kwenye nyumba moja ya wazee; Severin alimwita Mama Jules, kwa jina la mwanawe. Wote Wakatoliki, wote wajane. Kila Jumapili baada ya misa Euphrasie alipanda ngazi na bakuli la sombe, yaani kisamvu, Severin akasonga ugali, na walipokwisha kula kila mmoja alimlalamikia mwenzake kuhusu kazi. Severin alilalamika juu ya nyegere. Euphrasie alilalamika juu ya barabara.

"Papa Severin, ile balabala ya bazee itatumaliza," alisema Jumapili moja, kama alivyosema Jumapili nyingine nyingi. "Bisi inatuachaka ng'ambo hii, kazi iko ng'ambo ile. Katikati motokari zinapita sawa risasi. Tunavukaka mbio sawa bezi benye banafukuzwa."

"Hakuna kivuko?"

"Kiko daraja, mbali. Kilometa mbili kwenda, mbili kurudi. Nifike kazini saa ngapi?"

Novemba ile ile mwenzake Myriam, mlezi kama yeye, aligongwa na gari dogo la mizigo kabla jua halijachomoza. Mguu ulivunjika mara mbili. Walipoulizia, walijibiwa kwamba amevuka mahali pasipo na kivuko, jambo ambalo Myriam mwenyewe alikuwa amelitambua.

"Mngeandika barua," Severin alisema, huku akichovya tonge.

"Tuliandika. Walijibu asante."

Severin akatikisa kichwa, akasema Mungu atasaidia, kisha akamweleza kuhusu nyegere. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakumjua Severin.

Ilipobaki wiki mbili afikishe ripoti, alikuwa bado hajapendekeza mfumo wowote. Ndipo alipomkumbuka Fundi Jotham. Huyo alikuwa mnyapara wa zamani wa Wizara ya Ujenzi kule kwao Same, aliyemfundisha Severin kazi wakati Severin ana cheti kipya na viatu vipya. Jotham alikuwa na sheria moja. Barabara haikabidhiwi mpaka injinia aitembee yote kwa miguu, kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho, na kule mwisho atafutwe mtu anayeitumia, naye atie dole gumba kwenye karatasi kwamba barabara ameiona na inampitisha. Jotham alitembea na kidau cha wino mfukoni. Mainjinia wengi walimcheka, lakini barabara zake zilikaa.

Basi Jumatano moja ya Januari 2009 Severin aliamka mapema, akapanda treni hadi Croydon, akachukua basi hadi kigingi cha kwanza cha Mradi 417, na kuanza kutembea. Kulikuwa bado giza, taa za barabara zikiwaka, na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Alitembea kwenye ukingo wa nyasi, magari yakimpigia honi kwa mshangao, maana hawakuzoea kuona mtu. Handaki la nyegere alilikuta pale pale karatasi zilipolisema, limewekewa uzio mzuri wa kuwaelekeza wanyama mlangoni.

Hatua mia tatu mbele yake, saa moja kasorobo, basi lilisimama. Walishuka wanawake kumi na mwanamume mmoja, wamevaa makoti juu ya sare za ulezi. Walijipanga kando ya barabara bila kuzungumza. Mmoja aliangalia kulia, akanyanyua mkono, akaushusha, kisha wote wakakimbia pamoja hadi katikati, wakapandisha sketi na kuruka chuma cha kutenganisha magari, wakangoja, wakakimbia tena. Aliyenyanyua mkono alikuwa Euphrasie.

Euphrasie alimwona Severin kutoka ng'ambo. Hakushangaa.

"Papa Severin!" alipiga kelele kushinda mngurumo wa lori. "Unafanya nini ku balabala yetu?"

Severin aliona aibu. Haikuwa aibu ya kuomba radhi ukapita. Miezi miwili barabara mbili zilikaa meza moja, sombe katikati, na kumbe ilikuwa moja. Yeye aliiita kwa namba na yule mama aliiita kwa wazee, na yeye ndiye aliyesomea barabara.

Ofisini alifungua faili la maoni ya wananchi, lile ambalo Mwalimu alilipa alama zote. Mkutano ulifanyika Jumanne saa nne asubuhi, wakahudhuria watu kumi na tisa. Barua zilipelekwa kwa kila nyumba iliyo kando ya barabara. Walezi hawakuwa na nyumba kando ya barabara. Walikuwa na nyumba Kilburn na kwingineko, na Jumanne saa nne asubuhi walikuwa wanaogesha watu.

Alimpelekea Lila habari hiyo. Lila alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua fomu za mifumo yote mitatu moja baada ya nyingine.

"Watumiaji ni madereva na wakazi," alisema. "Hawa siyo madereva, siyo wakazi. Hakuna kisanduku, Severin. Ningekuwa nacho ningekupa."

Na hakusema uongo. Severin alizisoma fomu usiku na mchana siku mbili, akatafuta mahali pa kumweka Euphrasie Nabintu. Kwa Mwalimu hapakuwepo. Kwa Mfanyabiashara palikuwepo mahali pa waendesha baiskeli. Kwa Padri, sehemu ya tisa, alikuta sharti lisemalo hivi: ikithibitishwa kwa hesabu ya siku tano mfululizo kwamba mamalia wenye uzito wa zaidi ya kilo kumi huvuka barabara mahali pamoja kwa mazoea, basi mwenye mradi atawawekea kivuko salama kabla cheti hakijatolewa. Alisoma mara tatu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni lazima wawe wa porini.

Siku tano alisimama pale na daftari. Aliomba pia picha za kamera iliyofungwa kwenye handaki, ambazo hakuna aliyewahi kuziangalia. Kwa mwaka mzima wa uhai wa handaki, walipita mbweha wawili na paka mmoja. Nyegere hakuna.

Kisha akajaza fomu: "Kundi la mamalia kumi na mmoja. Uzito wa wastani, kilo sabini na mbili. Huvuka kila siku saa moja kasorobo asubuhi kuelekea mashariki, na hurejea saa mbili usiku. Tabia: huangalia kulia, kisha hukimbia pamoja. Mwezi Novemba mmoja wao alijeruhiwa. Kwa sasa kundi lina pengo."

Lila alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

"Uzito umeupataje?"

"Niliwauliza. Wawili walikataa, nikakadiria."

"Kuna neno hata moja la uongo humu?"

"Hakuna."

Lila alitazama tramu kwa muda. Severin alikuja kujua baadaye kwamba mama yake Lila alifanya kazi kiwandani Leicester miaka ishirini, na kila alfajiri alivuka barabara. Wakati ule alichoona ni kwamba amechukua kalamu. Ripoti ilikwenda na kurasa ishirini na moja, ikipendekeza Padri. Sababu iliyotolewa ni kwamba mfumo huo una upungufu mkubwa kama mingine, isipokuwa unamlazimisha mtu kutimiza alichoungama. Mwenye barabara alipenda neno Ulaya, akakubali.

Mkaguzi wa Padri aliandika kutaka ufafanuzi. Je, kundi huhama kwa misimu? Severin alijibu kwamba halihami, huja mwaka mzima, Krismasi ikiwemo. Je, idadi yake inatarajiwa kuongezeka? Alijibu kwamba nyumba ya wazee imetangaza nafasi nne. Kama mkaguzi alielewa, hakusema. Aliandika kwamba ushahidi unatosha na kwamba cheti kitasubiri kivuko.

Septemba kivuko kikawekwa: taa, kitufe, mistari myeupe, na chuma cha katikati kimekatwa nafasi ya kupita mtu na kigari cha mgonjwa. Ilibaki siku ya kukabidhi. Severin alikuja na karatasi mfukoni na kidau cha wino alichokinunua Kilburn, na tangu Jumapili hakuwa amekula vizuri, kwa sababu kulikuwa na jambo hajamwambia Euphrasie. Alimwambia pale pale, kando ya nguzo ya taa, wenzake wakiwa wameshuka kwenye basi nyuma yake. Alimweleza kisanduku, sehemu ya tisa, kilo sabini na mbili.

Basi likaondoka.

"Kwa ile karatasi sisi tuko banyama."

"Mamalia," Severin alisema. Halafu akasema, "Ndiyo. Nisamehe, Mama Jules. Sikupata mahali pengine."

"Nilikaa miaka saba mu hii inchi niko namba ya faili," Euphrasie alisema. "Namba haigongwake na motokari. Hata mukiipoteza, haililiwe na mutu." Akanyoosha mkono. "Mnyama iko na damu. Leta iyo karatasi."

Severin alifungua kidau, akamweleza sheria ya Fundi Jotham na dole gumba. Euphrasie alikitazama kile kidau, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikasirika.

"Dole hapana. Madole yangu yote kumi balishachukua, zamani, ku uhamiaji. Leta kalamu."

Aliweka karatasi kwenye nguzo ya taa, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, taratibu, likavuka mstari uliowekwa na kuingia ukingoni. Kisha akampa Myriam, aliyekuwa amerudi kazini wiki ile na fimbo yake, naye akaandika la kwake chini yake. Wote kumi na wawili waliandika. Saa ilikuwa imefika moja kamili na wote walikuwa wamechelewa.

Euphrasie alibonyeza kitufe. Taa ya magari ikawa nyekundu. Likasimama lori la maziwa, na nyuma yake magari matano, sita, kumi. Kwa mazoea wenzake walijikunja kukimbia.

"Hapana," alisema Euphrasie. "Tunaenda na Myriam."

Wakavuka kwa mwendo wa fimbo. Dereva wa lori aliangalia saa yake, akazima injini, akangoja.