Mkalimani wa Sinema Bubu

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani wa mgodi mdogo wa bati huko Kyerwa, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Murongo, mpakani mwa Uganda. Nyumbani kwetu ni Bukoba, baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na Kihaya changu kilinisaidia kuelewana na Wanyambo waliokuwa wengi pale mgodini. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina asubuhi na kupima mawe ya bati jioni. Jumamosi nilikuwa na kazi nyingine, ambayo sikulipwa, na ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote.

Fundi wa mitambo, Mzungu mmoja aliyeishi peke yake na mbwa wawili, alikuwa na mashine ya sinema. Picha aliziazima kwa rafiki yake wa Kampala, akaletewa na malori yaliyopita Murongo. Jumamosi saa nane mchana, kazi ikiisha, tulitundika shuka katika ghala la mawe, tukaziba madirisha kwa magunia, na injini ya kuvutia maji mgodini ikaunganishwa na mashine. Nje jua linawaka, ndani giza tupu. Mimi nilisimama kando ya shuka nikitafsiri kwa Kiswahili, na pale watu wasipoelewa, kwa Kinyambo cha kuungaunga.

Fundi alipenda picha za kutisha na za mambo ya sayansi. Alikuwa nazo za aina mbili. Zile mpya zilizungumza: vyombo vinashuka kutoka kwenye nyota, wataalamu wa makoti meupe wanazozana, mijusi mikubwa kama nyumba inavunja madaraja. Zile za zamani zilikuwa bubu. Watu wa nyuso nyeupe walifungua midomo, sauti haikutoka, kisha yakaja maandishi ya Kiingereza na kupita haraka.

Baada ya picha hakuna aliyeondoka. Tulikaa nje ya ghala, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka katika kibuyu, ubishi unaanza. Mbishi mkuu alikuwa mchimbaji mmoja wa kijiji cha Kiruruma, mtoto wa wafuga ng'ombe, mrefu, mpole wa sauti. Wengi waliogopa mijusi. Yeye alicheka.

"Mjusi wa vile ni mnyama tu," alisema. "Ana njaa, anakula. Hata chui ni hivyo. Mimi naogopa wale wa zamani. Mtu anasema nawe, unamwona anasema, na humsikii. Huyo anatisha."

"Lakini karani anatuambia wanachosema," mwingine akajibu.

"Ndiyo. Tunamtegemea karani."

Nilijisikia fahari. Ukweli ni kwamba maandishi yale yalinishinda. Nilisoma neno la kwanza na la pili, mara yamepita, na macho mia moja yananitazama gizani. Nikaanza kutunga. Kwanza kidogo, halafu zaidi, kwa sababu niliona jinsi walivyonyamaza kunisikiliza.

Jumamosi moja wakati wa masika fundi alionyesha picha bubu ya watu wanaochimba mlimani katika nchi ya theluji. Wanafika kwenye ukuta wa mwamba, wanasimama, wanatega masikio. Ilionekana wazi kuwa kuna kitu kinagonga kutoka ndani. Nilichukua debe tupu lililokuwa karibu nami, nikaligonga kwa ngumi mara tatu. Ghala zima likashtuka. Maandishi yakaja, yakapita. Nikasema kwa sauti nzito: "Anayegonga si mtu. Ukimjibu, atatoka na uso wako." Nikagonga tena.

Siku ile ubishi haukuwepo. Watu walikunywa kidogo wakaenda zao. Yule wa Kiruruma peke yake alibaki, akaniuliza, "Karani, yale maneno ya uso yaliandikwa kweli?"

"Yaliandikwa," nikasema.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, udongo uliporomoka katika handaki la pili. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na magogo ya kuzuia dari yalikuwa yameoza. Nyapara alipiga filimbi, watu wakatoka mbio. Nikaleta daftari langu, nikaita majina pale kwenye matope. Jina la yule wa Kiruruma halikuitikiwa.

Tukaingia na taa. Kama hatua arobaini ndani, njia ilikuwa imezibwa na udongo mwekundu hadi juu. Wanaume wakaanza kuchimba kwa sepetu. Kisha mmoja akainua mkono, wote wakasimama.

Kulikuwa na kitu kinagonga. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu asiowazoea.

Sepetu zikaanguka. Nilisikia miguu ikikimbia nyuma yangu, na dakika haikupita tulikuwa tumebaki wawili, mimi na nyapara, naye tayari anarudi kinyumenyume.

"Nyapara, ni yeye!" nikasema. "Yuko hai, anatuita!"

"Karani, wewe mwenyewe ulituambia tusijibu."

Nikatoka nje kuwafuata. Walikuwa wamesimama mvuani, hakuna aliyenitazama usoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilipenda kuheshimiwa.

"Niliwadanganya," nikasema. "Yale maneno hayakuandikwa. Niliyatunga mimi. Sikuweza kuyasoma."

"Na kugonga?" nyapara akauliza.

"Nilikuwa nagonga debe."

"Debe tuliliona," akasema mzee mmoja taratibu. "Lakini hata leo umegonga debe?"

Nikavua viatu, nikaingia peke yangu, nikaokota sepetu. Kugonga kukaja tena, mara tatu. Nilishika mpini kwa nguvu zote. Nikachukua jiwe, nikajibu kwenye mwamba: mara tatu. Kule ndani pakawa kimya. Halafu kukagongwa mara nne.

Nikachimba. Sijui nilichimba muda gani kabla ya kumsikia nyapara akishuka pembeni yangu akitweta, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Kule kugonga hakukurudi tena.

Tulimfikia alasiri. Alikuwa amefukiwa hadi shingoni, uso tu na bega moja viko huru chini ya gogo lililokingama. Mikono yote miwili ilikuwa imebanwa ndani ya udongo, nasi ilituchukua muda mrefu kuitoa, kidole kwa kidole. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika. Alipopewa maji alikunywa, akageuza kichwa kutazama giza la nyuma yake.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wengine gani?" nyapara akasema.

"Waliokuwa wakigonga huku nyuma. Nilidhani mmechimba kutoka upande wa pili wa mlima. Walikuwa karibu kuliko ninyi."

Nyapara akainua taa. Nyuma yake palikuwa na mwamba, mwamba mtupu, mwisho wa handaki. Tukambeba. Mtu wa mwisho kutoka alitembea kinyumenyume hadi nje, na huyo nilikuwa mimi.

Bwana mkubwa wa mgodi aliamuru handaki lile lizibwe, na hakuna aliyemwuliza sababu. Nilimwomba fundi anionyeshe ile picha tena, mchana, polepole, nisome maandishi na kamusi mkononi. Akaniambia ilisharudi Kampala, na yule rafiki yake alikuwa ameuza vitu vyake na kuondoka; zilibaki mpya chache tu alizomwachia. Alijaribu kukumbuka hadithi ilivyoisha, akashindwa. "Mimi huwa naangalia mashine," alisema, "siangalii picha."

Miezi miwili baadaye niliendesha baiskeli hadi Kiruruma. Nilimkuta uani kwa baba yake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mama yake nilimwamkia shikamoo, akaniletea maziwa. Aliporudi ndani tukabaki wawili. Kisha nikamwambia yote: maandishi, debe, uongo, na jinsi wenzake walivyokimbia kwa sababu yangu.

Hakukasirika. Alifikiri, kisha akauliza, "Basi kile kilichokuwa kinagonga kwenye picha kilikuwa nini?"

"Sijui," nikasema.

"Na kile cha kwetu?"

"Sijui, ndugu yangu."

Akatikisa kichwa, akaisogeza fimbo yake pembeni ili nikae vizuri. "Haya. Nihadithie ile ya Jumamosi iliyopita. Lakini palipokupita, sema pamekupita."

Nikamhadithia. Ilikuwa ya chombo kilichotua shambani kwa watu, na mlango wake uliofunguka bila kitu kutoka. Nilisema palinipita mara sita au saba, na kila mara aliinamisha kichwa akingoja niendelee.