Transfoma Moja, Mpemba

Dada yangu Fortunata, mwenye mashine ya kusaga hapa Mpemba, hajui kukasirika kidogo. Akianza, hata mteja wa mwisho kwenye foleni anatua ndoo yake polepole. Na safari hii alikuwa na haki, mimi shahidi.

Chanzo ni bodaboda za umeme. Jirani yetu Lwitiko alifungua kibanda cha kuzichaji, ukuta kwa ukuta na mashine. Zilipokuwa mbili tatu hazikumsumbua mtu. Zikaongezeka, zote zinanyonya kwenye transfoma ileile iliyofungwa enzi mtaa una taa na redio tu. Zikichomekwa kwa pamoja, umeme unapungua, mota ya dada inakoroma na kuchemka, unga unatoka chengachenga.

"Lwitiko, chajini kwa zamu," alimwambia mara nyingi tu.

"Mama Ipyana, kila mtu ana mita yake ya luku. Kwani mimi naiba?"

Haibi, na hilo ndilo lililomchoma dada zaidi. Tuliomba transfoma kubwa, tukaambiwa tusubiri. Mpaka leo tunasubiri.

Kisha Nesta, mteja wa kwanza wa dada, akafariki. Huku kwetu unga wa msiba husagwa bure na mashine ya jirani, na kwa Nesta, dada asingekubali mashine nyingine iuguse. Watu waliposema mwanamke hawezi kuendesha mashine, Nesta ndiye aliyeleta debe la kwanza, akalimwaga mwenyewe huku akiwacheka.

Asubuhi ya mazishi dada akamimina mahindi ya msiba. Mota ikakoroma. Ikafifia. Ikatoa moshi. Kabla hajaifikia swichi, mtaa mzima ukazima: fyuzi ya transfoma imeruka.

Akatoka na unga usoni, anakwenda kugombana. Nikamfuata mbio. Kibandani tukakuta pikipiki zote zimechomekwa, na kila usukani umefungwa tawi bichi la msiba.

"Tumekubaliana kuwabeba waombolezaji bure, mama," Lwitiko alisema. "Ndiyo maana tumechaji wote."

Dada akajifuta unga usoni. Heri angekuta ukorofi, angejua pa kutupia hasira.

Mahindi yakahamishiwa mashine ya ng'ambo ya barabara kuu, kwenye transfoma nyingine. Dada akabaki anahangaika na mota iliyoungua, akiifungua, akiinusa, akiisonya, mpaka waombolezaji wote wakaondoka. Lwitiko alimsubiri ampeleke. Mimi nilikuwa nimetangulia makaburini, nikawa nageuka kila dakika kutazama njia.

Chaji yenyewe, iliyokatizwa na umeme kuzima, ilikuwa ya kuungaunga. Katikati ya mlima pikipiki ikagoma. Wakashuka, wakaisukuma, Lwitiko mbele kwenye usukani, dada nyuma na viatu mkononi.

Walipofika, wanaume walikuwa wanasawazisha tuta la kaburi kwa majembe na kwaya imeshakaa chini. Dada akasimama pale pembeni. Akainama, akaokota udongo, akaona hakuna tena shimo la kuutupia. Akabaki ameufumbata.

"Nisamehe, mama," Lwitiko akasema.

"Unga sikusaga. Udongo sikutupa." Sauti yake ilikuwa ndogo, mimi sijawahi kuisikia hivyo. "Na wewe umenibeba bure. Sasa nimgombeze nani, Lwitiko? Niambie. Nimgombeze nani?"