Fulvia Ashuka Palma

Kwa miaka ishirini na tisa Fulvia Rebagliati alipika katika jiko la shule ya msingi huko Savona. Kupitia dirisha la jiko aliziona meli za utalii zikiingia bandarini, ndefu kuliko mtaa mzima, na hakuwahi kutamani kupanda hata moja. Alipostaafu mwezi Juni, bintiye Katia alimletea zawadi: siku saba baharini, familia nzima. Fulvia alishukuru, akalia kidogo. Alichotaka hasa ni kulala, lakini utamwambiaje mtu ambaye ameshalipa?

Walipanda watu sita: yeye na mumewe Ettore, ambaye nyonga ilimsumbua, Katia na mumewe Davide, na wajukuu wawili, Nives wa miaka saba na Elio wa minne. Chumba cha wazee hakikuwa na dirisha. Elio akawekwa humo humo, kwenye kitanda cha kushusha kutoka ukutani, maana wazazi wake walisema hawajalala usiku mzima tangu azaliwe.

Huko Marseille, bandari ya kwanza, wengine walishuka, Fulvia akabaki na watoto bwawani. Elio hataki kuingia majini, Nives hataki kutoka. Barcelona ikawa vilevile. Wakati wa kula alijikuta amesimama bila kuombwa na mtu, akipanga foleni na sahani ya Ettore, kisha ya Elio, ambaye alikuwa hali tambi zikigusana na mchuzi, kisha akirudi kuchukua vijiko. Jioni ya tatu mwanamke mmoja aliyevaa vizuri alimshika mkono, akamwuliza kama mkate umekwisha. Alimdhania mhudumu. Fulvia akaenda, akamletea mkate.

Hakumsimulia mtu. Kesho yake meli ilipotia nanga Palma, Katia na Davide walikwenda kuona mapango, wakamchukua Nives tu. Fulvia alimwachia Ettore yule mdogo, akamwambia anakwenda kutafuta dawa ya kisigino, akashuka.

Hakutafuta dawa. Alipanda basi la kwanza lililosimama, akashuka alipochoka kukaa, na mbele yake palikuwa na saluni ndogo yenye viti viwili. Aliingia, akaonyesha nywele zake. Mwenye saluni, mwanamke wa makamo aliyeitwa Apolònia, alimlaza kichwa kwenye sinki na kumfungulia maji ya uvuguvugu. Fulvia hakukumbuka mara ya mwisho mtu mwingine kumwosha kichwa. Akalala palepale.

Alipoamka, mlango ulikuwa umefungwa kwa mapumziko ya mchana na taulo kavu limewekwa chini ya shingo yake. Apolònia alikuwa akila mkate na nyanya kimyakimya. Kila mmoja aliongea lugha yake, wakaelewana vya kutosha. Apolònia alisema hakuwa na moyo wa kumwamsha.

"Unakoroma kama mume wangu," alisema, akampa kipande.

Fulvia alifika bandarini akiwa abiria wa mwisho. Jina lake lilikuwa limeshatangazwa mara tatu. Katia alisimama mlangoni mwa meli, macho mekundu.

"Mama, ulikuwa wapi? Tulidhani umegongwa na gari!"

"Nilikuwa nimelala."

"Umelala wapi? Si una kitanda humu?"

"Nina kitanda, na Elio yuko kwenye kile cha juu yake," Fulvia alisema. "Nimechoka, Katia. Si uchovu wa leo. Na wewe umenileta huku nifanye kazi ileile."

Katia akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye pia amechoka, na Fulvia aliona kuwa ni kweli, na hilo halikumpa nafuu yoyote.

Elio alihamishiwa kwa wazazi wake. Siku zilizobaki Davide ndiye aliyebeba sahani, akimwaga mchuzi njiani. Fulvia alijaribu kulala hadi saa tatu asubuhi akashindwa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri macho yalifunguka yenyewe, akawa anamsikiliza Ettore akipumua gizani.

Walipokuwa wamesharudi Savona, Katia aliomba kumwachia watoto kila siku baada ya shule. Fulvia akamwambia Jumatatu na Jumatano, basi. Katia alinuna wiki mbili, kisha akazoea.