Maji ya Jirani

Mtu anamkataza aje mama yake kumpenda?

Leo nimefika nyumbani Kitui kutoka campus. Mama alikuwa ameshaniwekea maji ya kuoga, yale ya kisima, ameleta na punda.

Mnajua ngozi yangu. Maji yoyote ikinigusa tu nawashwa hadi nataka kulia, na hakuna hata upele wa kuonyesha mtu.

Nikatoka nikijikuna.

"Ni hii chumvi ya kisima chetu," mama akasema. "Pole, mwanangu."

"Mama, hata ya hosteli inaniwasha."

Hakungoja nimalize. Akaenda kwa jirani kuomba maji ya mvua, akarudi na jerikeni mgongoni.

Saa hii niko bafuni. Yeye amesimama nje, anangoja nimwambie hii haiwashi.

Nimwambie nini?