Sina Hakika, Mzee

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka bandarini Mkoani, Pemba, na begi moja, Biblia ya mama, na kiburi cha msichana aliyetoka chuoni bara. Mkuu wa maabara, Mzee Khatib, hakutaka hata kuona cheti. Alinipa tyubu, zile chupa nyembamba za kuwekea damu, akasema, "Jina liandikwe kitandani kwa mgonjwa. Ukiandika mezani, umeandika unachokumbuka."

Miaka ikapita, tukahamishiwa wote wawili hospitali ndogo kaskazini. Nilikuwa nimekwisha kuwa fundi, najibu kabla swali halijaisha. Asubuhi moja wodi ya wazazi ikatuita: Asha Hamad Juma amejifungua na damu haikatiki. Kitanda cha jirani yumo Asha Juma Hamad, anangoja upasuaji. Ndiyo Pemba hiyo, ukiita Asha wanaitika wanne! Nikachukua damu ya wote wawili, nikakimbilia maabara, na majina nikayaandika mezani.

Nikailinganisha damu ya mzazi na ya shemeji yake aliyejitolea, kuona kama zinapatana. Zikapatana. Mzee Khatib akashika kalamu atie saini.

"Bi Rehema, una hakika ni ya huyu?"

Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni tayari. Nikamkumbuka Nehemia, aliyeulizwa na mfalme haja yake, akamwomba Mungu kwanza ndipo akajibu. Nikaomba palepale, macho wazi: Bwana, nionyeshe tyubu ipi ni ya nani. Sikuonyeshwa kitu. Nilibaki na lile nililolijua, nalo nililiogopa.

"Sina hakika, Mzee. Nimeandika mezani."

Akaweka kalamu. "Kachukue upya. Mbio!"

Mama wa yule Asha aliyejifungua, Bi Salama, alinikuta namchoma binti yake tena. "Wewe mbara, mwanangu anakata roho, nawe warudi kuchezea sindano?" Nikaandika jina palepale kitandani. Hofu ile simwombei hata adui yangu.

Majibu yakatoka yale yale. Tyubu hazikuwa zimebadilishana hata kidogo! Nikatamani ardhi inimeze. Asha akaongezwa damu, akapona, nami nikapewa barua ya onyo, haki yangu kabisa.

"Nimemchelewesha bure," nikamwambia Mzee tukisafisha meza.

"Bure? Ya mwanzo yalikuwa bahati. Haya ndiyo majibu."

Sasa nimestaafu, naishi Wawi, papa hapa Pemba. Vijana wa kanisani huniuliza Mungu huongozaje mtu kazini. Nawaambia mimi sauti sijaisikia hata siku moja. Nimeomba, nikanyamaza, nikasema nililokuwa nalijua, basi. Wengine hawaridhiki na jibu hilo, wana haki.

Bi Salama yu hai, kazeeka. Tukikutana sokoni hunishika mkono mbele za watu, anisute: "Huyu ndiye aliyemchelewesha mwanangu!"

"Kweli, Bi Salama," namjibu. "Nilimchelewesha."